Siku Mjane Aliponikanda

Chumbani mle tulikuwa wanawake wanne, na nitamtaja kila mmoja na alikotoka ili msije mkapotea. Wa kwanza ni Bi Rukia binti Hamisi, mwenye chumba, aliyekuwa anakaa eda ya mumewe. Mimi na yeye ni ndugu wa kunyonya: mama yake alipougua baada ya kumzaa, mama yangu alimchukua akamnyonyesha pamoja na mdogo wangu Hadija. Wa pili ni Bi Mwanaidi binti Ngwali, dada wa marehemu, wifi yake Rukia, aliyeilinda eda ile kama askari wa forodha. Wa tatu ni Anastazia, muuguzi, mpangaji wangu, mtoto wa wakulima wa korosho wa kule Newala. Yeye alikuwa anaingia na kutoka. Wa nne mimi, Somoe binti Mfaume, mkandaji. Yupo na wa tano, ambaye hakuwepo lakini ndiye aliyetukusanya: Saidi Ngwali, fundi seremala, Mungu amrehemu, aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa wetu hapa Kilwa Masoko, na mlango wake mwenyewe akauacha unapiga kelele bawaba mpaka anakufa.

Nawaandikia nyie mabinti mnaojifunza kukanda, na nyie wengine mnaopita mkiniona niko uani mnasema bibi huyu hatulii. Ni kweli situlii. Naandika mistari miwili, nainuka nakoroga sufuria, narudi nakuta kuku amekanyaga karatasi. Wanangu wananipigia simu kutoka Dar: "Mama, umekanda watu miaka yote, sasa pumzika." Wakilitaja neno hilo tu, nyayo zinaniwasha. Wao wanadhani ni ukaidi wa uzee.

Kazi hii nilifundishwa Kipatimu na Bi Pili Mketo, mama wa mume wangu wa kwanza, Mmatumbi, mwenye vidole vifupi vilivyojikunja kama tangawizi. Hakuwa na maneno mengi. Siku moja tuliitwa Likawage kwa Bakari Nakatuku, aliyeanguka juu ya mkorosho. Mkono umevimba. Mimi na kiherehere changu cha miaka ishirini nikamwaga mafuta ya nazi, nikaanza kuchua. Bakari akatukana ukoo wangu wote, waliokufa na walio hai. Bi Pili akanipiga kofi la mkono.

"Umeuuliza?"

"Nimwulize nani, mama?"

"Mfupa. Umeuuliza mfupa?"

Akashika ncha ya kidole cha kati cha Bakari, akaigonga taratibu kuelekea kiwikoni. Alikogusa siko kulikovimba, lakini Bakari akabana pumzi, macho yakamtoka. "Umevunjika huu," akasema. "Nyama iliyoteguka inauma pale unapoishika. Mfupa uliovunjika, gonga mbali, nao utajibu." Akaufunga kwa vipande vya mwanzi, usicheze, akaamuru mgonjwa apelekwe hospitali. Tangu siku ile sijawahi kumwaga mafuta kabla sijagonga. Na nyie msimwage.

Bi Pili aliuona mfupa kama mtu unayeweza kuongea naye. Mimi nilifuata vidole vyake tu. Miaka arobaini na zaidi niliuona mfupa kama nguzo ya nyumba, umesimama, umebeba, basi. Na msuli niliuona kama kamba: ukikaza unalegeza, ukilegea unakaza. Hapo ndipo kosa langu lilipotokea.

Saidi alipofariki, Rukia akakalishwa. Dini ilivyosema ni fupi: mjane akae nyumbani kwake miezi minne na siku kumi, asijipambe, asiposwe. Sisi wa mtaani tukaongeza ya kwetu. Asishike mchi. Asifagie. Asichote maji. Akae kwenye mkeka pembeni, ametazama ukuta, na kila kitu aletewe. Hata tasbihi ikimponyoka aokotewe. Na aliyesema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote, kuliko hata Mwanaidi, ni mimi. Nilisimama mbele ya wanawake wote wa matangani nikasema, "Mwacheni akae. Viungo vyake niachieni mimi."

Rukia alikuwa na ugonjwa wa sukari miaka mingi, lakini ulikuwa unamtii. Asubuhi yuko shambani, jioni anatwanga, vidonge vyake hakosi. Alipokaa eda, mwezi wa kwanza tu kliniki wakasema imepanda. Mwanaidi akampunguzia ugali. Ikapanda. Akapiga marufuku chai ya sukari, ambayo Rukia hakuwa anainywa hata enzi za Saidi. Ikapanda.

Mikono yangu ilijua mapema kuliko kliniki. Nilikuwa namkanda kila siku baada ya Alasiri, mafuta ya nazi yenye karafuu, kuanzia vifundo mpaka kiunoni. Lile paja lililokuwa likinirudishia vidole, sasa vidole vilikuwa vinazama kama kwenye unga uliolowa. Nami nikafanya nini? Nikaongeza kukanda. Nilipoona anazidi kulegea, nikakanda mara mbili kwa siku. Nilikuwa natoka mle kanga imelowa jasho, njaa inaniuma, nalala kama mtoto. Nasema moyoni, leo nimefanya kazi.

Siku moja akasema miguu ni baridi. Nikachemsha maji, nikakamua kitambaa, nikamfunga nyayo.

"Kinachoma?"

"Hakichomi."

Nikaongeza cha moto zaidi. "Na sasa?"

"Hata. Kitamu hicho, Somoe."

Nilipofungua, kisigino cha kushoto kilikuwa na lengelenge kubwa kama yai la njiwa. Rukia alikuwa anatazama ukuta, hana habari. Sukari ilikuwa imemtia ganzi nyayoni bila yeye kujua, na mimi nilikuwa nimeuliza miguu iliyokwisha kuwa bubu. Mabinti, hili liandikeni kabla ya mengine yote: nyayo za mgonjwa wa sukari hazipelekewi moto. Usimwulize kama kinachoma, kwa sababu atakujibu kwa moyo mweupe kwamba hakichomi. Nyayo zake unazitazama kwa macho, kila siku, mpaka katikati ya vidole.

Nilimwambia palepale. Akapapasa lengelenge kwa kidole kama kitu cha mtu mwingine. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Usimwambie wifi. Atakufukuza, halafu mimi nitabaki na nani humu?"

Basi tukamwambia Mwanaidi kwamba mkeka umemkwaruza. Mwanaidi akanunua mkeka mpya.

Lengelenge likapasuka, likawa kidonda, na kidonda kikakataa kufunga. Akapelekwa hospitali kwa bajaji, amefunikwa gubigubi, Mwanaidi pembeni. Walimsafisha, wakamfunga vizuri, wakamwongezea dawa, wakasema asikikanyagie kisigino kile hata hatua moja, na sukari lazima ishuke. Isiposhuka, kidonda kitaingia ndani, na huenda wakalazimika kuukata mguu. Mwanaidi alinisimulia hayo amesimama mlangoni kwangu, hata kuketi hakutaka. "Kaka yangu kaniachia amana," akasema, "na amana yenyewe inaozea mikononi mwangu. Kwa mkeka, Somoe! Mkeka!"

Nilishika mwimo wa mlango. Maneno yalifika kwenye ulimi, nikayameza.

Jioni hiyo Anastazia alikuwa uani anafua sare zake. Mimi nilikuwa nazunguka, natoka jikoni naenda kisimani, narudi mikono mitupu.

"Shikamoo Bibi. Umepoteza nini?"

"Marahaba. Anastazia, niambie. Mtu ugali hali, chai hanywi, dawa anameza. Sukari inatoka wapi?"

"Anafanya kazi gani kutwa?"

"Kazi? Yuko eda huyo."

"Basi viwanda vyake vimefungwa."

Nikamwuliza viwanda gani. Akapangusa povu, akanishika paja hapa juu ya goti, akasema, "Hiki kimoja. Msuli si nyama ya kuvutia tu, Bibi. Ni kama tezi. Unatoa homoni."

Homoni mimi nilizijua kwenye sindano za uzazi wa mpango, basi. Tezi nilizijua za shingoni, na zile za wazee wa kiume. Nikacheka. "Paja langu lina homoni? Kwa umri huu?"

"Kwa umri huohuo. Msuli ukivuta kwa nguvu zake, unamwaga vitu kwenye damu. Vinakwenda kwenye ini, vinakwenda kwenye mafuta, mpaka kwenye ubongo, vinapeleka habari: huku kuna kazi, fungueni ghala. Na msuli wenyewe unaingiza sukari na kuichoma, hata kama ile insulini imechoka. Mfupa nao hivyohivyo. Ukiubebesha uzito unatoa homoni yake, inakwenda kuliamsha kongosho. Habari ya mfupa wameijaribu zaidi kwa panya, kwa watu bado wanachunguza, sitaki kukudanganya. Lakini ya msuli haina ubishi."

Mimi nakumbuka jina la kila mzazi niliyemkanda na la kila mtoto aliyezaliwa, lakini majina ya hizo homoni yaliniponyoka palepale. Nikamwambia aniandikie ukutani kwa mkaa. Nikazipa na ukoo ili nisizisahau: Osteokalsini binti Mfupa, na Airisini binti Msuli. Anastazia akasema Airisini ana ndugu zake wengi sana. Nikamwambia ukoo mkubwa utakuja siku nyingine.

Kisha nikauliza swali lililokuwa linanizungusha uani. "Na nikimkanda? Maana mimi namkanda mara mbili kwa siku, mpaka nalowa."

Akafikiri kidogo. Ni binti mwenye adabu, alikuwa anatafuta njia ya kuzunguka. "Ukimkanda maumivu yanapungua. Analala vizuri. Anajua kuna mtu anampenda. Hilo si dogo, Bibi."

"Sikukuuliza hilo."

"Msuli wake haujavuta. Wewe ndiye uliyevuta. Homoni zimekutoka wewe."

Akaendelea kufua. Mimi nikaketi, nikainuka, nikaketi. Nikaanza kuwapitisha wenzangu wa rika kichwani, mmoja mmoja. Fatuma Likoko anatembelea mkongojo. Siwema Juma habanduki kitandani. Tatu Selemani wanamwinua kwa kumshika kwapani. Na mimi, mkubwa wao, nabeba ndoo ya maji kichwani. Watu walikuwa wanasema Somoe ana dawa anatuficha. Kumbe dawa nilikuwa nainywa juu ya migongo yao. Kila aliyelegea nilimwambia, wewe lala, niachie mimi. Nikawa nawalaza, natoka jasho mimi, napata nguvu mimi.

Bi Pili angenipiga kofi jingine.

Asubuhi Anastazia alimwuliza daktari anayemtibu Rukia, akarudi na jibu: afanye mazoezi, ila kisigino kisiguse chini. Apige magoti, atumie mikono, mgongo, mapaja. Kutembea hapana. Nikaenda mbio kumwambia Rukia. Aligeuka kutoka ukutani akanitazama kama nimemtukana.

"Mazoezi? Mume wangu yuko kaburini mwezi wa pili, mimi niruke kichurachura?"

"Hakuna kuruka, ni kupiga magoti tu..."

"Somoe, nimechoka. Acha mguu ukatwe, kama ni kukatwa. Nitakwenda wapi na miguu miwili? Alikokuwa ananipeleka hayupo."

Hapo ndipo niliogopa kweli. Mtu akilia utamfuta machozi. Rukia hakuwa analia. Aliyasema hayo kama mtu anayetaja bei ya dagaa.

Nikarudi nyumbani, sikukaa, nikarudi tena kwake. Kukanda nilikuwa sijui kuacha, na yeye mazoezi hataki. Nikavua kanga ya juu, nikajilaza kifudifudi kwenye mkeka mpya wa Mwanaidi.

"Unafanya nini wewe?"

"Mgongo umenikamata. Miaka yote nakanda watu, hakuna aliyewahi kunikanda mimi. Nikande."

"Sijui kukanda."

"Utajua leo."

Rukia hajawahi kumnyima mtu kitu akiwa na uwezo nacho. Hata matangani alikuwa anawauliza wageni kama wamekula. Akasogea. Nikamwambia apige magoti, nikamwekea mto chini ya mguu wa kushoto, kisigino kikaelea hewani. Akaweka mikono mgongoni mwangu, akaipitisha mara tatu, akasimama, anahema.

"Hivyo ndivyo unavyokanda? Unanipapasa kama unachagua nyanya sokoni."

"Kama hutaki ondoka, mgongo wenyewe umekauka kama ubao wa Saidi."

Akasikia alichosema. Akaziba mdomo kwa kiganja chenye mafuta, mabega yakamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha kwanza tangu mazishi.

Sasa nyie wanafunzi sikilizeni, maana siku zile nilimfundisha Rukia kazi yote ninayowafundisha nyie. Nguvu haitoki vidoleni. Anayekanda kwa vidole ataota vifundo kabla ya wajukuu. Nyoosha viwiko. Nyonga ndiyo inayosukuma: paja linakaza, mgongo unafuata, uzito unashuka begani, unapita kwenye mfupa wa mkono mpaka kiganjani. Ukikanda vizuri, mwili wako wote umebeba mzigo, mfupa kwa mfupa. Nilikuwa nimelijua hilo miaka yote kama siri ya kutochoka. Sikujua kwamba ndilo lililokuwa linaamsha mabinti wa Mfupa na Msuli.

Siku ya kwanza alikanda mpaka tone moja la jasho. Wiki ya pili alifika kiunoni bila kupumzika. Mimi nalala pale nasikia viganja vyake vinavyobadilika, leo vizito kuliko jana, na nashindwa kutulia hata nikiwa nimelala. Namwambia bonyeza, Rukia, bonyeza, hapo hujafika. Akibonyeza nalia kweli. Vidonge alikuwa anameza kama alivyoandikiwa, na Anastazia alikuwa anakuja kumfunga kidonda. Msije mkasema Bi Somoe alitibu sukari kwa mafuta ya nazi. Nitawakana.

Tatizo likawa masikio ya Mwanaidi. Yeye alikuwa anakaa upande wa pili wa pazia anachambua mchele, akiwaambia wageni, "Anakandwa, subirini." Siku moja nikasikia sinia linawekwa chini.

"Mbona anayelia ni mkandaji?"

Pazia likavutwa. Akatuona: mimi chini, mgongo unang'aa mafuta, mjane juu yangu amepiga magoti, jasho linamtiririka shingoni.

"Astaghafirullah! Mjane anamkanda mkandaji!"

"Wifi..."

"Nyamaza! Mimi nimekaa nje pale nachambua mchele kama kijakazi, nawaambia watu wapite taratibu mgonjwa anakandwa, kumbe mgonjwa amegeuzwa mtumishi? Kaka yangu hata udongo wake haujakauka, mkewe anatoka jasho! Na wewe Somoe, mwili wote huo umeuleta humu ukandwe na mgonjwa, huna hata haya?"

Nikainuka, nikajifunga kanga. Nikamweleza yote: Anastazia, daktari, viwanda. Maneno yaligongana, maana nilikuwa na haraka ya kufika kwenye lile nililolimeza mlangoni kwangu. Mwanaidi akanikata.

"Viwanda! Miaka yote mjane anakaa eda bila viwanda. Mama yangu alikaa, shangazi alikaa, na wewe ndiye uliyesema mbele ya watu akae. Leo unageuka?"

"Nimegeuka, kwa sababu nilikosea. Na kile kidonda hakukifanya mkeka, Bi Mwanaidi. Nimekifanya mimi. Nilimwekea kitambaa cha moto, miguu ilikuwa na ganzi, nikaongeza kingine. Mkeka haukufanya kitu."

Nje kuku anadonoa mchele wa kwenye sinia na hakuna anayemfukuza.

Mwanaidi akamtazama Rukia. Rukia akasema, "Mimi ndiye niliyemkataza asikwambie."

"Yaani mmenifanya ninunue mkeka." Akasema hivyo taratibu kabisa, ndiyo nikaogopa zaidi. Akaokota mtandio. "Nakwenda kwa kaka zangu. Waje waamue. Wewe Somoe, hapa mguu wako usirudi."

Nikaona kila kitu kinaanguka. Mimi nikifukuzwa, Rukia atarudi ukutani, na kisigino nacho kitarudi kilikotoka. Nilitaka kumshika Mwanaidi miguu. Rukia akanitangulia. Akasogea kwa magoti, mto ukabaki nyuma, ameinua unyayo wa kushoto nyuma yake kama mtu anayevuka tope, akafika mlangoni akamshika wifi yake pindo la gauni.

"Shingo yako imekaa upande tangu matanga," akamwambia. "Unadhani siioni? Nakaa natazama ukuta lakini nakusikia unavyogeuka na mwili mzima. Keti kidogo."

"Niache."

"Keti, halafu uende."

Mwanaidi akaketi. Nadhani aliketi ili ampe maneno ya mwisho kwa karibu. Rukia akaweka viganja juu ya mabega yake, akanyoosha viwiko, akashusha uzito kama nilivyomfundisha.

"Saidi alikuwa na fundo hapahapa," akasema. "Upande wa mkono wa randa. Kila jioni ananiambia kanyaga hapo, mke wangu, nami namkanyaga kwa kisigino."

Mwanaidi akasema, "La kwake alirithi kwa baba. Na mimi ninalo."

"Ndiyo hili. Nimelipata."

"Hapo. Hapo... usiondoe."

Akajilaza. Na alipojilaza, akaanza kulia, yule mwanamke ambaye kwenye mazishi alikuwa anagawa sahani na kuhesabu vijiko. Alilia na uso wake kwenye mkeka alioununua kwa pesa zake, na Rukia naye analia, machozi yanaangukia mgongoni, lakini mikono haikusimama. Alikanda mpaka mwisho. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya chumba, sijui niketi au nitoke, mikono inaniwasha kwa kukosa kazi.

Mwanaidi alipoinuka akajifuta uso kwa mtandio, akageuza shingo huku, akageuza huku. Akaenda mpaka kwenye pazia, akalitazama juu mpaka chini.

"Hili kesho lishushwe vizuri," akasema. "Linaonyesha."

Kwa kaka zake hakwenda.

Kuanzia hapo tulikuwa tunapokezana, leo mgongo wangu, kesho wake. Alinisema kuhusu kitambaa kila siku aliyoniona, na ana haki, bado ananisema. Aliyekuja kumtembelea mjane akaulizia, Mwanaidi anamjibu kwa uso mkavu, "Anakandwa." Akamwendea hata mke wa Maalimu wa madrasa kuuliza kama mjane kupata jasho ndani ya nyumba yake ni dhambi, akarudi, akampa Rukia ungo na mchele apepete mwenyewe. Kliniki wakasema sukari imeanza kushuka. Ilishuka kidogo, ikasimama, ikashuka tena. Kidonda kikawa chekundu safi, kikaanza kujivuta kutoka pembeni, taratibu mno. Mimi nilikuwa nakichungulia kila Anastazia anapofungua bandeji, mpaka akaniambia, "Bibi, unakizibia mwanga."

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja na maji, na nguo mpya. Watatu wakajipanga kumwinua, mmoja huku kwapani, mmoja huku, mmoja kiunoni. Rukia akasema, "Nipisheni." Akapiga magoti, akaweka viganja chini, akasukuma. Paja la kulia lilitikisika, nililiona kupitia nguo. Nilikuwa nimeuma pindo la kanga. Akasimama. Kisigino kilikuwa kimebakiza alama kama punje ya choroko, na Anastazia alikuwa amempa ruhusa ya kukanyaga akiwa na kiatu chake maalumu. Akavuka kizingiti, akauliza kama wageni wamekula.

Basi. Mkija kwangu kujifunza, siku hizi nawafundisha vitu viwili kwa pamoja: kukanda, na kujua lini uache mgonjwa ajivute mwenyewe. Akiweza kujigeuza, usimgeuze. Akiweza kushika kikombe, usimnyweshe. Kuna kazi ukimfanyia mtu unakuwa umemnyang'anya.

Sasa aliyekuwepo na anisahihishe. Anastazia, kama mabinti wa Mfupa nimewapa sifa za mabinti wa Msuli, sema mapema, kabla hawa vijana hawajaondoka nazo. Kofi la Bi Pili huenda lilikuwa Likawage, huenda lilikuwa njiani tunarudi. Watoto wa Bakari Nakatuku wapo, waulizwe. Bi Mwanaidi anaapa kwamba siku ile aliketi tu, hakujilaza, wala hakulia. Nimemwuliza Rukia, anacheka, anasema hakumbuki, alikuwa na kazi. Mimi naona alijilaza, lakini nilikuwa nimesimama vibaya na macho yangu yalikuwa na maji. Na kama mkeka ulikuwa wa ukindu au wa plastiki, hilo nalo semeni.

Ila Rukia kapita hapa asubuhi hii akielekea shambani, na miguu ilikuwa miwili. Hapo sitaki masahihisho.